Kuchagua Programu ya Kutazamia Video

Katika mambo yanayohesabiwa kuwa madogo, mojawapo ni kuchagua programu ya kompyuta ya kutazamia video. Wengi wetu hatuichagui. Huikuta ndani ya kompyuta siku ya kuinunua, kama mpangaji anavyoikuta misumari ukutani. Kwangu mimi jambo hili si dogo hata kidogo, maana kumbukumbu za koo zetu, harusi, maziko na mahafali, siku hizi zimo ndani ya mafaili, na faili lisilofunguka ni sawa na barua iliyoandikwa kwa hati asiyoijua mtu yeyote nyumbani.

Mfano huo wa barua unafaa kuendelezwa. Faili la video ni bahasha, na maandishi yamo ndani. Apple walikuwa na bahasha yao ya QuickTime tangu 1991. Microsoft wakaleta AVI mwaka 1992. RealVideo ikafuata 1997. Laiti tatizo lingekuwa bahasha tu! Bahasha mbili za AVI zaweza kufanana kabisa kwa nje, kumbe ndani kila moja ina hati yake, yaani namna yake ya kubana picha zichukue nafasi ndogo. Kisomaji cha hati hiyo huitwa kodeki. Ukikikosa, utasikia sauti huku kioo kikiwa giza, au hutasikia wala kuona kitu. Ndipo watu wakajaza programu tatu nne katika kompyuta moja, wakaongezea na mafurushi ya kodeki waliyopewa na marafiki, ambayo mara nyingi yaligombana yenyewe kwa yenyewe. Nimepata kuona kompyuta iliyougua zaidi kwa dawa hizo kuliko kwa maradhi yenyewe.

Programu ninayoitumia, VLC, haikuanzishwa kwa kusudi la kuondoa adha hiyo. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris, chuo cha uhandisi kilichokuwa wakati huo Châtenay-Malabry, kusini mwa Paris, walichoshwa na mtandao wa bwenini uliokuwa mzito. Walitaka wa kasi zaidi, na tusifichane, michezo ya kompyuta ilikuwa sababu mojawapo. Ili wapate hoja ya maana ya kuuombea mtandao mpya, walibuni mradi wa kusambaza televisheni ya setilaiti kupitia mtandao huo hadi vyumbani. Mradi uliitwa VideoLAN, na VLC ilikuwa sehemu ya kupokelea. Kazi iliandikwa upya kuanzia 1998, na tarehe 1 Februari 2001 ikatolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Alama yake, koni ya barabarani, inatokana na koni walizokuwa wakizikusanya wanafunzi hao.

Asili hiyo ndiyo iliyoipa tabia. Programu iliyozaliwa kupokea picha mtandaoni kipande kwa kipande, vingine vikipotea njiani, haina budi kuzoea upungufu. Tena hubeba kodeki zake yenyewe, nyingi zikitoka katika mradi wa FFmpeg alioanzisha Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, mwaka 2000.

Faida yake niliiona kwa VCD ya harusi ya dada yangu. Miaka ya 2000 hapa Dar es Salaam wapiga picha walitukabidhi harusi zetu katika diski hizo. Ukiifungua kwenye kompyuta, unakuta faili lenye jina linaloishia na DAT, jina lisiloeleza kitu, ingawa ndani ni MPEG-1, muundo uliosanifiwa mwaka 1993. Programu iliyokuja na kompyuta yangu ilisema hailitambui. VLC ililifungua. Palipokuwa na mkwaruzo picha iligeuka vigae, kisha ikaendelea. Mama, asiyejua MPEG ni nini, aliomba irudishwe nyuma amwone tena marehemu baba akisimama kutoa shukrani.

Sisemi haina ila. Menyu zake ni msitu. Lakini katika kuchagua, mimi hutazama kwanza kama msimbo uko wazi. Mwaka 2016 Apple waliacha kuitunza QuickTime ya Windows, na watumiaji wakashauriwa kuiondoa. Hakuna wa nje aliyeweza kuikarabati. Mwaka 2017 watengenezaji wa Media Player Classic Home Cinema nao walitangaza kuacha, kwa uhaba wa watu. Ila msimbo wao ulikuwa wazi, na mtengenezaji mwingine akaushika, akaendelea kutoa matoleo mapya. Nimeiweka hiyo nyumbani pamoja na VLC, na lile faili la DAT nimelinakili mahali pawili, bila kuligeuza muundo.