Nani Apite Kwanza? Nakuru na Miaka ya Reli Moja

Reli ya Uganda iliingia Nakuru mwaka 1900, na Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria, pale tunapopaita leo Kisumu. Ilikuwa njia moja ya upana wa mita moja, ya kwendea na kurudia. Treni mbili zikitoka pande tofauti, moja ilibidi ijibanze kwenye njia ya pembeni ya stesheni mpaka mwenzake apite. Stesheni masta hakuiruhusu treni kuondoka kabla stesheni ya mbele haijamjibu kwa waya kwamba njia ni tupu.

Foleni ilizidi miaka ya 1920. Reli mpya ilichomoka Nakuru, ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Sasa pamba na kahawa ya Uganda ilikutana Nakuru na mizigo ya Kisumu, na kuelekea Nairobi njia ilikuwa ile ile moja. Matawi ya Solai na Thomson's Falls, yaani Nyahururu, yaliongezea mahindi ya walowezi. Hapo stesheni masta hakuulizwa: swali la nani apate reli mlangoni kwake lilikuwa limeamuliwa na wakubwa.

Mwaka 1926 zilikuja injini za Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Moja ilivuta mabehewa mengi, hivyo safari zikapungua. Tatizo ni kwamba treni iliyo ndefu kuliko njia ya pembeni haiwezi kupisha. Hupishwa tu. Na zikikutana mbili za namna hiyo, hakuna inayosogea.

Watu wa kompyuta wanaujua mkwamo huo, na swali la nani apite kwanza pia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, hugawa kompyuta zake za pamoja kwa Slurm, programu iliyozaliwa katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Mtafiti hutaja prosesa, kumbukumbu na saa anazotaka. Programu huweza kupima amesubiri kiasi gani na amekwisha kutumia kiasi gani, kisha ikachomeka kazi ndogo kwenye mwanya, mradi isiicheleweshe kubwa iliyo mbele. Mpanga ratiba wa reli angeielewa mara moja, ila angeionea wivu kwa jambo moja. Kazi ikipitiliza saa zake, Slurm huikata. Treni iliyoishiwa nguvu kwenye mlima wa Timboroa haifutwi. Hutafutiwa injini nyingine ya kuivuta, na walio nyuma wanangoja.