Maziwa Ndani ya Maziwa

Mwaka 1978 madaktari wawili wa Uswidi, Irene Jakobsson na Tor Lindberg, walichapisha makala fupi kwenye jarida la The Lancet. Walikuwa wameangalia watoto wachanga wanaonyonya ambao walilia kwa maumivu ya tumbo bila kunyamaza. Badala ya kuwapa watoto dawa, waliwaambia akina mama waache maziwa ya ng'ombe. Watoto wengi wakatulia. Mama akirudia maziwa, kilio kinarudi.

Mwaka uliofuata, 1979, Rais Moi akatangaza kwamba watoto wa shule za msingi Kenya watapewa maziwa bure.

Hizo habari mbili hazikuwa na uhusiano wowote. Zilikaa zaidi ya miaka arobaini kabla ya kukutana, na zilikutana kwetu Kariobangi South, kwenye chumba cha dada yangu.

Mtoto alikuwa na wiki saba. Ananyonya tu, hajaonja hata maji. Nepi zikaanza kuwa na kamasi, na ndani ya kamasi nyuzi nyembamba za damu. Uzito unapanda, homa hakuna. Daktari akampima, akaondoa mambo mengine, kisha akasema anashuku mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe: mama aache maziwa na kila kitu chenye maziwa kwa wiki kadhaa, tuone. Dada akauliza swali ambalo kila mtu nyumbani alikuja kuliuliza: "Lakini mtoto si hajawahi kunywa maziwa ya ng'ombe?"

Hapo Kiswahili chenyewe kinachangia kutuchanganya. Ya mama ni maziwa, ya ng'ombe ni maziwa, na hata Victoria ni ziwa. Ukimwambia mama aliyejifungua juzi kwamba maziwa yanamdhuru mtoto, anasikia kwamba ni yake. Jirani mmoja alisema hivyo waziwazi, ati maziwa ya dada "yameharibika", anunue ya mkebe. Dada alilia siku mbili.

Venye inafanyika ni hivi. Mama akinywa chai, protini za ng'ombe kama ile inayoitwa beta-laktoglobulini haziyeyuki zote tumboni. Chembe chache zinapenya hadi kwenye damu, na kutoka hapo zinaingia kwenye maziwa ya titi. Watoto wengi hata hawatambui. Wachache, kinga ya mwili inazichukua kama adui, na utumbo unavimba na kutoa damu kidogo. Hii si ile hali ya watu wazima kufura tumbo kwa sababu ya laktosi. Laktosi ni sukari, na iko tele kwenye maziwa ya mama hata kama mama huyo hajawahi kuona ng'ombe. Kwa hivyo maziwa ya dada hayakuwa yameharibika. Yalikuwa yamebeba mgeni.

Nilichotaka kujua mimi ni kwa nini mgeni huyo alikuwa mgumu sana kufukuzwa. Kwetu mama mzazi hupewa chai ya maziwa asubuhi, uji wa maziwa saa nne, chai tena jioni, "ndio maziwa yaingie". Kila mtu anaongea kana kwamba imekuwa hivyo tangu Adamu. Nilisoma historia miaka miwili chuoni kabla karo haijanishinda, na ugonjwa niliotoka nao huko ni huu: nikisikia "tangu zamani" nauliza tangu lini.

Mwaka 1931 ripoti moja ilichapishwa London. Waandishi walikuwa John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba hapa Kenya. Walilinganisha Wakikuyu, waliokula zaidi mimea, na Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi, wazito zaidi, wenye nguvu zaidi. Orr tayari alikuwa mtetezi mkubwa wa maziwa mashuleni kwao Uskoti, na baadaye, 1949, akapata tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa maoni yangu, ripoti ile ilisema kidogo mno kuhusu ardhi iliyokuwa imechukuliwa na kodi iliyowatoa wanaume nyumbani. Njaa ikigeuzwa kuwa upungufu wa kitu fulani, mtawala anaweza kukuuzia hicho kitu.

Na wa kuuza alikuwepo. Walowezi walikuwa wameanzisha KCC huko Naivasha mwaka 1925. Kwa miaka mingi ng'ombe wa gredi walikuwa mali ya mzungu. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo wakulima Waafrika wakaanza kuruhusiwa kwa wingi kuwafuga. Baada ya uhuru KCC iliendelea kushikilia soko la mijini peke yake hadi 1992, na katikati ya hiyo miaka yakaja maziwa ya Nyayo. Mathe wangu aliyanywa. Ukimtajia ile pakiti ya pembetatu anacheka kama mtu ametajiwa mpenzi wa zamani. Kuna watoto, anasema, waliokuja shule kwa sababu ya siku ya maziwa tu. Sasa mwambie mama kama huyo kwamba maziwa yanamtoa mjukuu wake damu! Alinyamaza, kisha akasema daktari huyo ni wa juzi.

Mathe hakuwa mjinga. Kwa watoto wengi wa wakati wake maziwa yale yalikuwa chakula cha kweli, na hata leo foleni kwenye mashine za maziwa mtaani si ya starehe. Lakini hatari ya pili ilikuwa karibu zaidi kuliko ile ya chai, nayo ni mkebe wa jirani. Mkebe wa kawaida wenyewe umetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1939, Singapore, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya wanachama wa Rotary na kuita hotuba yake "Maziwa na Mauaji", kuhusu watoto waliokuwa wakifa kwa kuachishwa titi na kupewa maziwa ya kopo. Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya hayo maziwa mwaka 2012. Hapa jirani yetu Korogocho, pamoja na Viwandani, watafiti waliwahi kukuta asilimia 2 hivi tu ya watoto walionyonya bila kitu kingine hadi miezi sita. Dada alikuwa kwenye hiyo asilimia ndogo, na neno moja baya lingemtoa.

Tena kuna wanaofaidika na shuku yenyewe. Mwaka 2018 daktari Mwingereza, Chris van Tulleken, aliandika kwenye BMJ kwamba maagizo ya maziwa maalum ya mzio huko England yalipanda kutoka 105,029 mwaka 2006 hadi zaidi ya 600,000 mwaka 2016, bila ushahidi kwamba ugonjwa wenyewe umeongezeka hivyo. Kila mtoto analia. Kila kilio kinaweza kupewa jina na mkebe.

Ndiyo maana jaribio la daktari lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili ndiyo watu husahau: kurudisha. Dada aliacha chai ya maziwa, mala, siagi, mandazi ya maziwa. Maziwa ya mbuzi pia hapana, protini zake zinafanana mno. Wiki ya pili nepi zikawa safi. Wiki ya nne, Jumamosi, akanywa vikombe viwili vya chai nzito huku sisi wote tukijifanya hatumwangalii. Jumatatu nyuzi nyekundu zikarudi. Hapo hata mathe aliacha kumtaja daktari wa juzi.

Wengi hupona wakikaribia mwaka mmoja. Kabla ya hapo dada lazima apate kalsiamu mahali, na hapa nilirudi kwa Orr na Gilks, kwa sehemu ambayo hainukuliwi sana. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya wanaume. Wanawake wa Kikuyu hawakuachwa nyuma hivyo na wenzao wa Kimaasai, kwa sababu walikula majani mabichi ambayo waume zao hawakuyagusa sana.

Kwa hivyo jioni ni managu na omena. Mathe anayapika managu bila kumwagia maziwa, na kwake hiyo ni nusu ya kupika. Anampa dada sahani, anamwekea strungi pembeni, kisha anamwangalia kama mtu aliyenyimwa haki yake.