Kibali cha Kipimo: Bima ya Afya na Haki ya Rufaa Kiplombe

Kwa miongo kadhaa mkazi wa Kiplombe, wadi ya eneobunge la Turbo pembezoni mwa Eldoret, hakuwa na uamuzi wa bima wa kuupinga kuhusu kipimo, kwa kuwa bima yenyewe haikuwa imemwahidi kipimo. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya waajiriwa, na ingawa mwaka 1972 wachangiaji wa hiari, yaani wasio na mwajiri wa kuwakata mshahara, waliruhusiwa kujiunga, malipo yaliendelea kuelemea gharama za kulazwa. Kitanda kililipiwa; aliyetibiwa na kurudi nyumbani jioni alijilipia.

Mwaka 1998 NHIF ilifanywa shirika linalojitegemea. Hata hivyo, badiliko zito lilikuja mwaka 2015, michango ilipopandishwa na huduma za wagonjwa wasiolazwa zikaongezwa. Kibali cha awali, yaani idhini ya bima inayotolewa kabla ya huduma, kikawa na uzito mpya, na fomu ya daktari ikawa ushahidi: iliyoandikwa "maumivu ya mgongo" tu ni rahisi kukataliwa, tofauti na inayotaja ganzi ya miguu, dawa zilizoshindwa na sababu ya eksirei kutotosha.

Mwaka huohuo Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, iliyotekeleza kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, ilimpa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, ingawa iliruhusu hadi miezi mitatu, muda ambao kwa anayeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani ni sawa na kunyimwa.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo mamlaka yake, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, iliweka baraza la kutatua migogoro. Lakini wakulima na vibarua wa Kiplombe, ambao mchango wao hukadiriwa kwa uwezo wa kaya badala ya kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, wanaweza kukwama mapema zaidi: mchango ukiwa haujalipwa, fomu ya daktari, hata iwe na hoja nzito kiasi gani, haifiki hatua ya kusomwa.