Ugogo: Jina Lililozaliwa Njiani

Asili ya jina Ugogo husimuliwa zaidi kwa habari ya gogo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani walizoea kutua mizigo penye gogo kubwa, na wenyeji wa mahali hapo wakaitwa watu wa gogo. Wapo wanaoikataa simulizi hii, wakisema ni mchezo wa maneno yanayofanana. Hoja yao ina uzito, maana hakuna awezaye kutuonyesha gogo lenyewe. Lakini hata tukiliweka gogo kando, kiini cha simulizi kinabaki: jina hili ni la njia ya misafara, na lilianzia mahali padogo kabla ya kuenea nchi nzima.

Tuanze na koo. Wagogo hawatokani na babu mmoja. Koo nyingi husimulia kwamba wazee wao walitoka Uhehe, Ukaguru, Ukimbu au Unyamwezi, na kila eneo lilikuwa na mtemi wake, mwenye mawe yake ya kuombea mvua. Watu walioishi hivyo hawakuwa na haja kubwa ya jina moja la kuwajumlisha. Mwenye haja hiyo alikuwa mpita njia. Akishavuka Marenga Mkali, lile pori kavu upande wa magharibi wa Mpwapwa, msafiri aliingia nchi ambayo maji ya kisima yana mwenyewe, na kila mtemi anadai hongo ya nguo na shanga kabla mizigo haijainuliwa tena. Nchi ya kugharimu kiasi hicho lazima itajwe kambini kwa jina. Msafiri Mwingereza Burton alipopita mwaka 1857 aliikuta tayari ikiitwa Ugogo.

Ushahidi ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya Cigogo chenyewe. Watu wa magharibi husema Cinyambwa, wa mashariki Citumba, na wa katikati, pande za Dodoma, Cinyaugogo, yaani lugha ya wenyeji wa Ugogo. Kama jina lilikuwa la wote tangu mwanzo, kwa nini liwatambulishe wa katikati peke yao? Na jina la mahali pamoja kuenea hivyo si ajabu: Tanganyika nalo lilikuwa jina la ziwa, hadi Waingereza walipoipa nchi nzima jina hilo mwaka 1920.

Atakayesema kwamba jina la kupewa na wageni si letu, amtazame Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kikachapwa mwaka 1954. Jina hilo alilibeba juu ya jalada kama mali yake, na alikuwa na haki. Nanyi mnaosoma Chimwaga, palipo na Chuo Kikuu cha Dodoma, nendeni Mvumi, Bahi na Ihumwa mkawaulize wazee koo zao zilitoka wapi, tena mapema, wangali hai.