Lac Vert: kupanda kidogo, kuona mbali, na kujikinga na mazuku

Kila siku ya Mungu, hali ikiwa nzuri, utaona vijana wa Goma wanachukua moto, wanafuata barabara ya Sake, wanashukia pande za Mugunga na kupanda kwa miguu ku ukingo wa Lac Vert. Kupanda kwenyewe ni kufupi. Hata mutu mwenye hakuzoea milima atafika juu kabla hajachoka sana. Na ukifika, jicho linaona maziwa mawili mara moja: ile ndogo ya kijani chini ya miguu yako, na Kivu pana upande wa pili.

Lakini pale kuko jambo moja lenye picha ya simu haionyeshi. Ni mazuku. Ndiyo maana watu wanauliza: kule kunaendeka? Jibu letu ni ndiyo, kunaendeka, kama usalama wa siku hiyo unaruhusu, na kama unajua mahali pa kukanyaga na saa ya kufika. Tunaeleza hapa chini.

Iko wapi, na ilitoka wapi

Lac Vert iko magharibi ya muji wa Goma. Ukitoka muji kwenda Sake kwa barabara ya taifa namba 2, iko upande wa kushoto, kule kwenye ziwa Kivu. Mutaa wenyewe unaitwa pia Lac Vert, na majirani wake ni Mugunga na Bulengo. Jina ni la Kifaransa, maana yake ziwa la kijani. Na kweli, ukilinganisha na bluu ya Kivu, rangi haifanane hata kidogo.

Ziwa hilo halikuchimbwa na muto. Ni tundu la volkano. Zamani sana, moto wa chini ya ardhi ulikutana na maji, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na ardhi ikapasuka. Majivu na mawe yalirushwa juu, yakaanguka kwa kuzunguka tundu, yakagandamana. Ukingo tunaopanda leo njo yale majivu. Kisha maji yakajaa katikati. Kilima cha Mont Goma, kile kinachosimama karibu na bandari ya muji, kilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Basi mutu mwenye anaishi Goma anaona kila siku ndugu wa Lac Vert, pengine bila kujua.

Kupanda

Ukiacha barabara kuu, chini ni mawe meusi ya volkano, yale yenye kukata kandambili. Vaa kiatu kilichofungwa. Ukikaribia kilima, udongo unabadilika: ni majivu ya kale yaliyokauka. Jua likiwaka unakamata vizuri, lakini mvua ikinyesha unateleza. Pale juu, usisimame ku mupaka kabisa kwa ajili ya kupiga picha. Udongo wa majivu unaweza kumeguka, na upande wa ndani ni mutelemuko mukali mpaka kwenye maji.

Fuata njia yenye watu wa kule wanapita kila siku. Ni vizuri kumuomba kijana wa mutaa akusindikize na kumupa kitu kidogo. Yeye anajua mashamba ya watu, anajua kishimo gani watu hawaingiemo, na anajua kama siku hiyo kuko utulivu.

Ukifika juu, geuka pole pole. Kusini ni Kivu. Maji yake yako kwenye urefu wa metre karibu 1 460 juu ya bahari, na mahali penye kina zaidi yanashuka metre zaidi ya 470. Kaskazini, kama mawingu yametoka, utaona Nyiragongo yenye metre 3 470, na Nyamulagira yenye metre 3 058. Hesabu kidogo: kichwa cha Nyiragongo kiko metre karibu elfu mbili juu ya maji ya Kivu. Njo maana mwaka wa 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, moto wake ulishuka upesi kuelekea kwa watu. Mwaka wa 2002 ulipita katikati ya muji mpaka ukaingia ziwani. Mutu akisimama juu ya Lac Vert anaelewa jambo hilo bila mwalimu.

Mazuku ni nini

Mazuku ni neno la kwetu, na leo wataalamu wa volkano wa inchi zingine wanalitumia vilevile. Wazee walisema ni upepo mubaya wenye kuua watu usiku. Sayansi inasema ni gazi karboniki, ile yenye inatoka chini ya ardhi kwa kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni gazi ile ile yenye tunatoa tukipumua, lakini hapa inatoka nyingi sana.

Gazi hiyo haina rangi, haina moshi. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipande, inashuka kama maji. Inajaa ndani ya vishimo, mabonde madogo, mapango na mashimo ya choo, na inabaki mule kama hakuna upepo wa kuitawanya. Inapatikana sehemu nyingi kati ya Goma na Sake, sana sana karibu na kando ya ziwa.

Kwa sababu hiyo, mutu mukubwa anaweza kusimama mahali asisikie kitu, na mutoto wa karibu yake akaanguka. Mbuzi inakufa, mwenye mbuzi yuko muzima. Mutu mwenye amesimama anapumua vizuri, lakini akiinama kufunga kamba ya kiatu, kichwa kinaingia ndani ya gazi. Gazi ikiwa nyingi, pumzi chache tu zinatosha kumuangusha mutu, na hapati hata wakati wa kuita.

Kwa mutu mwenye anapanda Lac Vert, kanuni ni moja na ni nyepesi kukumbuka: juu kwenye upepo ni pazuri, ndani ya kishimo ni pabaya. Ukingo wenyewe, kwa sababu umeinuka na upepo wa ziwa unapita, njo mahali pa kukaa. Shida inakuja wakati vijana wanaacha njia na kushuka kutafuta kivuli cha kupumuzikia, kujisaidia, ao kuoga. Tundu la Lac Vert lina umbo la sufuria. Gazi nzito ikifika chini ya sufuria, haina pa kutokea. Usishuke mule kwa kufuata mutu mwenye anasema tu kwamba jana alishuka na hakupatwa na kitu. Jana si leo.

Saa ya kwenda

Hapa kuko mutego. Watu wanapenda kwenda alfajiri, kwa sababu milima inaonekana vizuri kabla ya mawingu. Lakini usiku na alfajiri njo wakati mazuku ina nguvu: hewa ni baridi, imetulia, na gazi imerundikana chini. Jua likipanda na upepo ukianza, gazi inatawanyika.

Kwa hiyo ngojea. Fika tangu saa tatu ya asubui, panda, angalia, piga picha, kisha shuka bado jua likiwaka. Katika miezi ya mvua, rudi mbele ya mawingu ya muchana kukomaa. Usilale kule inje, hata kama umebeba hema.

Dalili za kuangalia

Ukiona ndege, mijusi, panya ao wadudu wamekufa mahali pamoja ndani ya kishimo, rudi nyuma mara moja. Ukiona kibao cha kuonya, kiheshimu. Kama kichwa kinaanza kuuma kwa ghafla, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa ya haraka, kizunguzungu kinakukamata, ama pua inawasha kama mutu mwenye amekunywa sukari ya chupa yenye gazi, usiketi chini kupumuzika. Kuketi njo kuingia ndani zaidi. Panda juu, kwenye upepo.

Wengine wanategemea kiberiti: moto ukizima, wanakimbia. Usifanye hivyo. Wakati moto unazima, gazi imekwisha kuwa nyingi ya kutosha kukuangusha wewe mwenyewe. Na kama unatembea na watoto, wasikutangulie, tena wasicheze ndani ya vishimo.

Mwenzako akianguka

Hii ni sehemu ngumu zaidi, kwa sababu moyo unasema kimbia umutoe. Ukimukimbilia ndani ya kishimo, muko wawili chini. Wa tatu akija, muko watatu. Mazuku inaweza kumaliza jamaa nzima namna hiyo, mumoja nyuma ya mwingine, kwa sababu ya upendo.

Baki juu. Piga kelele, ita watu wa mutaa. Kama kuko kamba ao muti murefu, mujaribu kumuvuta mukiwa juu. Akitoka, mumupeleke mahali penye upepo, mumulaze kwa ubavu kama anapumua, na mumukimbize ku kituo cha afya. Ukikuta kishimo chenye wanyama wamekufa, julisha shefu wa mutaa ili habari ifike kwa wataalamu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma.

Mahali pa watu, si pa picha tu

Tusisahau kitu kimoja. Mawe hayo ya Mugunga na Lac Vert yamebeba watu wengi. Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kule mpaka 1996. Kisha, vita vya kwetu vilipoanza tena mwisho wa 2021, ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru walikuja kujenga vibanda vya shiti mahali palepale. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia kule kambini, watu wakafa, na watoto walikuwa kati yao. Mutu mwenye hakuwa na kiwanja cha kuchagua alitandika mukeka wake mahali alipopata, na mahali hapo mara zingine palikuwa kishimo.

Njo maana mambo ya mazuku si ya watembezi peke yao. Mutembezi anapita saa mbili na kurudi nyumbani. Mukaaji analala pale, na mutoto wake analala chini. Ukipanda Lac Vert, salimia watu, omba ruhusa mbele ya kupiga picha ya mutu ao shamba lake, na usiokote kitu cha chuma chenye hukijui. Na jioni, ukionyesha wenzako picha zako, uwaambie na hii: tulipita juu, hatukushuka, na tulirudi bado jua likiwaka.