Mzinga, Nta na Habari: Wafuga Nyuki wa Mwanzo wa Karne ya Ishirini

Wahenga walinena, "Fuata nyuki ule asali." Sisi walimu wa lugha huifundisha methali hii mara kwa mara, lakini aghalabu twaifafanua kama fumbo tu, bila kuwatazama waliomfuata nyuki kweli. Katika makala haya twapenda kuwarejea watu hao, na kuuliza jinsi habari za kazi yao zilivyoenea.

Huko Marekani wafuga nyuki walikuwa na magazeti yao. Mzinga wa fremu za kuhamishwa, uliobuniwa na Lorenzo Langstroth mwaka 1851, uliwawezesha kutoa masega bila kuharibu makao ya nyuki; basi kila mfugaji akawa na jambo la kumwandikia mwenzake. Mwaka 1873 A. I. Root alianzisha jarida la Gleanings in Bee Culture katika mji wa Medina, Ohio. Ni jarida hilo dogo ambalo, Januari 1905, lilichapa maelezo ya Root mwenyewe aliyeshuhudia ndege ya ndugu Wright ikizunguka angani tarehe 20 Septemba 1904. Magazeti makubwa yalikuwa bado hayajalitilia maanani jambo hilo.

Je, huku kwetu hali ilikuwaje? Katika misitu ya miyombo ya Unyamwezi, watu walitundika mitini mizinga ya magogo na ya magome. Msimu ulipowadia, mrina asali alipanda usiku akiwa na kijinga cha moto chenye kufuka moshi. Asali ililiwa na kutiwa katika pombe, nta iliuzwa. Wakati wa utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa ng'ambo, na kwa wengi ilikuwa njia ya kupata rupia za kodi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaifungulia nchi ya ziwani njia ya Mombasa. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912.

Jamii hiyo ya warina asali haikuwa na jarida lake. Bei ya nta, dalili za msimu na hali ya njia vilisafiri kwa vinywa vya wachukuzi na wachuuzi, na lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali ilikuwa Kiswahili. Hapa Buganda wamisionari walianzisha magazeti ya Kiganda: Ebifa mu Buganda mwaka 1907, na Munno mwaka 1911. Lakini elimu ya mzinga iliendelea kukaa zaidi katika kumbukumbu za watu kuliko katika karatasi.

Basi pasipo na gazeti, msamiati ndio kumbukumbu. Mswahili husema mzinga, Mganda husema omuzinga. Na katika lugha zote mbili neno hilo hilo likapewa pia silaha ile kubwa yenye umbo la gogo lililotobolewa. Mswahili husema nyuki, Mganda enjuki. Lakini katika asali wanaachana: Mswahili alichukua jina la Kiarabu lililokuja kwa bahari, ilhali Mganda husema omubisi gw'enjuki, yaani maji matamu ya nyuki.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili kitumike zaidi katika elimu na utawala, upinzani ulikuwa mkali Buganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliukataa mpango huo waziwazi. Kwa miaka mingi baadaye, wengi mjini Kampala walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kambi za askari na ya wageni. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wanafunzi wengi bado huingia darasani na dhana ile ya zamani.

Hatuna budi kuanza na kile wanachokijua. Mwalimu aandike ubaoni mzinga na omuzinga, kisha awatume wanafunzi kwa wazee wanaofuga nyuki, wakusanye majina ya masega, ya nta, ya moshi na ya misimu. Wakirudi watakuwa wameokoa maneno ambayo hayakuwahi kuchapwa, na watakuwa wamejionea kwamba Kiswahili na Kiganda ni ndugu waliolelewa katika mzinga mmoja.