Baada ya Hospitali, Chakula: Somo la Walei wa Zamani



Injili ya Marko, sura ya 5, inasimulia jinsi Bwana alivyomwinua binti Yairo, msichana wa miaka 12. Muujiza umetendeka, wazazi wamestaajabu, nasi tungedhani kwamba habari imefikia mwisho. Lakini Mwinjili anaongeza jambo moja dogo: Yesu aliagiza binti yule apewe kitu cha kula. Aliyerudishiwa uhai alihitaji pia kurudishiwa nguvu, na kazi hiyo ya pili Bwana aliwaachia watu wa nyumbani.

Tumezoea kusimulia habari za watakatifu waliojenga hospitali. Habari za kazi ile ya pili, yaani kumlisha mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa kurudi kwake, hatuzisimulii mara nyingi. Tutazame mifano miwili, kwa kuwa yote miwili iliendeshwa na walei kama ninyi.

Wa kwanza ni wa Roma, mwaka 1548. Mji ule ulikuwa na hospitali kubwa za kale. Ile ya Roho Mtakatifu, karibu na Vatikano, ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Filipo Neri, mzaliwa wa Firenze, alikuwa na miaka 33. Hakuwa padre bado. Upadrisho aliupata mwaka 1551. Alikuwa mlei asiye na mali, aliyezoea kuwatembelea wagonjwa kitandani. Pamoja na muungamishi wake, Padre Persiano Rosa, aliwakusanya watu wapatao 15, wengi wao wa hali ya chini, katika kanisa la San Salvatore in Campo. Walianza kwa sala. Ulipofika Mwaka Mtakatifu wa 1550, mahujaji wakamiminika Roma pasipo mahali pa kulala, nao wakakodi nyumba, wakawapokea, wakawaosha miguu na kuwalisha.

Mwaka Mtakatifu ukapita, mahujaji wakarudi makwao. Ndipo ndugu wale walipoona kundi jingine ambalo halikuwa na mtetezi. Hospitali zilimruhusu mgonjwa mara homa inapokwisha, kwa maana wengine walikuwa wakisubiri kitanda chake. Mtu huyo alitoka akiwa hana ugonjwa, lakini hana nguvu pia. Kazi hawezi, na asiyefanya kazi hapati mkate. Baada ya muda mfupi alirudishwa hospitalini akiwa katika hali mbaya kuliko ya kwanza, au alipelekwa makaburini. Filipo na wenzake hawakuwa waganga, wala hawakuvumbua dawa yoyote. Waliwapokea watu hao katika nyumba yao, wakawapa chakula na pumziko hadi miguu yao iweze kuwabeba. Kwa hiyo chama chao kikajulikana kwa jina la Utatu Mtakatifu wa Mahujaji na Wanaopata Nafuu. Walichotambua ni kwamba kati ya kitanda cha hospitali na mlango wa kazi kuna bonde, na kwamba wengi hufia humo.

Mfano wa pili unatoka Ufaransa, mwaka 1617. Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko mpya wa Châtillon. Siku moja ya Dominika, katika mwezi wa Agosti, aliarifiwa kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote ni wagonjwa, wala hakuna wa kuwahudumia. Akawaombea msaada katika mahubiri. Mchana ule njia ikajaa watu wenye vikapu vya vyakula. Vinsenti alifurahi, kisha akafikiri: leo chakula ni kingi hata kitaoza, na kesho kutwa wagonjwa hawa watalala njaa. Huruma ilikuwapo, utaratibu ndio uliokosekana.

Siku chache baadaye akawakusanya wanawake wa parokia, na kabla ya mwisho wa mwaka chama chao kilikuwa na kanuni iliyoandikwa. Kanuni hiyo inastahili kusomwa na kila kijana anayetaka kutumikia. Kila mama alikuwa na siku yake ya kupika na kupeleka. Akifika kwa mgonjwa, amsalimu kwa uchangamfu, amtandikie kitambaa, amnawishe mikono, amkatie nyama, amtie moyo ale. Asiyeweza kutafuna apewe mchuzi na mayai, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Tena mhudumu aanze kwa mgonjwa mwenye watu nyumbani, amalizie kwa yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye kwa muda mrefu zaidi. Vinsenti alijua kwamba mtu mpweke hata akiwekewa sahani huenda asiiguse.

Je, mambo hayo yamepitwa na wakati? Elimu ya siku hizi inajibu kwamba hayajapitwa, hasa kwa wazee. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 10 tu: kila mmoja, kwa wastani, alipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Fikirini basi mzee mwenye homa, asiye na hamu ya kula, aliyelala majuma matatu. Mwaka 2013 daktari Harlan Krumholz aliandika juu ya udhaifu unaomshika mtu baada ya kutoka hospitali. Alionyesha kwamba huko Marekani, kati ya wazee wanaoruhusiwa, karibu mmoja katika watano hurudi hospitalini ndani ya siku 30, na mara nyingi kwa ugonjwa usio ule wa kwanza. Usingizi uliokatizwa, chakula kisichotosha na misuli iliyolegea huufungulia mwili milango ya maradhi mengine. Ndilo bonde lile lile walilolitambua walei wa Roma.

Kwetu Kongo jambo hili lina sura yake. Mgonjwa akiwa hospitalini, jamaa ndio humletea sufuria kila siku: dada hupika, mjomba hutafuta pesa, majirani huchanga. Siku ya kutoka, ankara inalipwa kwa shida, madeni yanabaki, na wote waliochoka wanarudi kwenye shughuli zao. Hivyo chakula kizuri hukoma siku ile ile ambayo mwili unaanza kukihitaji zaidi. Bibi anarudi kwenye bugali na sombe ya mara moja kwa siku, na wengine husema uzee ndio umemmaliza. Tuulize kwanza kama amekula.

Waganga wanashauri mzee apate kila siku angalau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wake, na zaidi kidogo anapotoka katika ugonjwa. Bibi wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 au zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharagi yaliyoiva 15. Sambaza, karanga na uji wenye soya vinasaidia pia. Asiye na meno asagiwe. Asiyemaliza sahani apewe kidogo mara tano, badala ya kingi mara mbili. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo afuate agizo la daktari wake, na aliyekaa siku nyingi bila kula aanzishwe polepole.

Vijana wapendwa, hakuna lolote katika hayo linalodai mfadhili wa mbali. Linadai daftari lenye majina na siku. Vijana saba, kila mmoja na siku yake, wanaweza kumfuata mzee mmoja kwa majuma manne: yai, uji, mazungumzo ya nusu saa, na macho ya kuona kama anapungua ili jamaa na mganga waarifiwe mapema. Msamaria mwema hakutosheka kumfunga yule mtu majeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni amtunze kwa siku zilizofuata, akaahidi kurudi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani ametoka hospitali mwezi huu? Nani anampikia, na nani anakula pamoja naye?

2. Vinsenti aliona huruma isiyo na utaratibu. Ni wapi katika parokia yetu misaada hufika mingi siku moja, kisha hukatika?

3. Tukigawana siku kuanzia Dominika ijayo, kila mmoja wetu atashika siku gani, na ataleta nini?